Nadharia ya Kusubirisha: Mhadhara wa Bure kwa Waliolipia Mpira

Mheshimiwa mwenye kibanda, ambaye kwa sasa hayupo kwa kuwa amekwenda kununua uniti za umeme. Mzee wetu wa mlangoni, mkusanya viingilio. Wapenzi wa kandanda mliowahi mabenchi ya mbele. Dada zetu wawili mlioletwa hapa kwa ahadi kwamba mtaoneshwa picha ya mapenzi. Na nyinyi watoto mliopenya chini ya turubai mkidhani sikuwaona. Itifaki imezingatiwa.

Natambua kwamba hamkuja kunisikiliza mimi. Mmekuja kutazama mechi. Lakini giza limeingia, na mimi sina desturi ya kuacha giza lipite bure. Kwa wageni wa mtaa huu, mimi ndiye Profesa. Uprofesa huu sikupewa na chuo chochote, maana vyuo vina tabia ya kuwapa watu wengi mno. Nilijipa mwenyewe, baada ya kujihoji kwa kina na kuridhishwa na majibu yangu. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, niliwahi kukiandikia barua nikijitolea kufundisha, na hadi leo wanatafakari.

Mada ya leo ni mwongozaji wa picha. Nyinyi hapa mnamjua steringi. Mnamjua adui. Mnamjua hata yule rafiki wa steringi ambaye lazima afe ili steringi apate hasira. Lakini ukimuuliza mtu wa mtaa huu picha hii ni ya nani, atakwambia ya Rambo, ya Van Damme, ya Amitabh. Aliyewaambia hao wote wasimame wapi, wageuke lini na wanyamaze kwa muda gani, hana jina hapa. Ndiyo maana nimebuni nadharia, nikaiita kwa jina langu ili isipotee. Inasema hivi: mwongozaji ni mtu anayekusubirisha, na mtindo wake ni namna anavyokusubirisha. Mengine yote ni nguo na magari.

Kijana mwenye jezi ya Yanga, keti. Umeme haurudi kwa kusimama.

Tumchukue Sergio Leone, Mwitaliano aliyepiga picha za makauboi wa Marekani huko Hispania, huku Kiingereza chenyewe kikimpiga chenga. Mwaka 1968 alitoa Once Upon a Time in the West. Inaanza na wanaume watatu wenye makoti marefu wanaofika kwenye stesheni ya treni nyikani. Wanasubiri treni. Basi, hakuna lingine. Wanasubiri kwa zaidi ya dakika 10, na muziki haupo. Kinachosikika ni kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa grisi. Mmoja wao, Woody Strode, amesimama mahali maji yanapovuja. Tone linamdondokea kwenye upara. Mtu wa kawaida angehama. Yeye anavaa kofia, na matone yanaendelea kugonga kofia, na yeye wala hatikisiki. Mwingine, Jack Elam, ametuliwa na nzi kidevuni. Anakunja mdomo, anampuliza, nzi anaruka na kurudi palepale. Mwisho anamnasa ndani ya mtutu wa bastola, anauziba kwa kidole, kisha anausogeza sikioni na kusikiliza nzi akivuma humo ndani, na uso wake unajaa raha ya mtoto. Wa tatu anajivunja vidole, ko, ko, ko.

Treni inafika, inaondoka. Ng'ambo ya reli amesimama Charles Bronson na kinanda chake cha mdomo. Maneno machache, milio ya risasi, na wale watatu tuliowazoea kwa kofia zao na nzi wao wako chini. Dakika 10 za matayarisho kwa ajili ya sekunde chache! Na Strode, kabla ya kufa, alikuwa ameivua ile kofia na kuyanywa maji yaliyokusanyika ndani yake. Huyo ndiye mwongozaji. Amekataa kukufunulia sufuria kabla wali haujakauka, na wewe umekaa na njaa yako ukinusa mvuke.

Sasa, mpeni kipande hicho wale wasimulizi wetu wa mikanda iliyotafsiriwa. Nasema hivi kwa heshima zote kwa Lufufu wa hapa kwetu na DJ Afro wa Kenya, ambao bila wao nusu ya watu mliomo humu msingejua kwa nini Mchina amekasirika. Lakini msimulizi haogopi chochote duniani kama ukimya. Dakika 10 bila maneno? Nzi atapewa jina. Yule wa tatu atapewa mama mkwe anayemdai. Kinu cha upepo kitasema kitu kuhusu bei ya unga. Na mtacheka, nawajua, na Leone atakuwa amekufa mara ya pili.

Hata hivyo mimi ni mtu wa haki, na haki inanilazimisha kuwaambia jambo. Kazi hiyo ni kongwe kuliko mnavyodhani. Japani, enzi za picha bubu, kila jumba la sinema lilikuwa na msimulizi anayesimama kando ya skrini, akiigiza sauti zote, ya mwanamke, ya mtoto, ya jambazi. Waliitwa benshi, na watu walikata tiketi kwa ajili ya msimulizi kuliko picha yenyewe. Mmoja wao aliitwa Heigo Kurosawa. Picha zenye sauti zilipoingia, kazi ikafa. Heigo alijiua mwaka 1933. Alikuwa na mdogo wake aliyempenda na kumpeleka kutazama picha, na mdogo mtu huyo ndiye Akira Kurosawa.

Samahani. Kuna vumbi humu ndani.

Kurosawa yeye ni fundi wa kusubirisha kwa mvua na kwa kusimama wima. Katika Seven Samurai ya mwaka 1954, wanakijiji wanatafuta wapiganaji, wanajenga ngome, wanahesabu majambazi mmoja mmoja, na picha inakwenda zaidi ya saa tatu mpaka ile vita ya mwisho ndani ya tope. Katika Sanjuro, 1962, wanaume wawili wanasimama uso kwa uso mwishoni, karibu kiasi cha kupigana vikumbo, na hawafanyi kitu. Hawafanyi kitu. Hawafanyi kitu. Halafu panga moja, na damu inaruka kama bomba la mtaa limepasuka. Waliokuwa wakitazama ndani ya picha wanabaki vinywa wazi, na sisi pia.

Huyu Kurosawa aliibiwa. Leone aliichukua Yojimbo ya mwaka 1961, akamvika samurai wake kofia ya kauboi, akaiita A Fistful of Dollars, 1964. Wajapani wakadai haki yao, na mambo yakaisha kwa kulipwa asilimia 15 ya mapato. Nawaambia hili nyinyi mnaouziana mikanda kwa flashi. Na mnyororo haukuishia hapo. Mwaka 1975 Wahindi wakatoa Sholay ya Ramesh Sippy, ambayo ina wapiganaji wa kukodi wanaokilinda kijiji kama kwa Kurosawa, na mauaji ya familia nyumbani kwao kama katika Once Upon a Time in the West ya Leone. Mtu akisema Sholay ni wizi, nitamtoa nje mimi mwenyewe. Gabbar Singh, jambazi wa Sholay, akitembea juu ya mawe, mkanda ukikwaruza mwamba, akiwauliza watu wake maswali ambayo tayari anajua majibu yake, huo si wizi. Huo ni urithi.

Nasikia mtu nyuma ananong'ona kwamba nimesahau kanuni kuu: steringi hafi. Asante. Nilikuwa nakusubirisha wewe.

Alfred Hitchcock aliijua kanuni hiyo, na mwaka 1960 akaivunja bila hata kubisha hodi. Katika Psycho, Janet Leigh ameiba dola 40,000 na kukimbia. Tunamfuata, tunamhurumia, tunaogopa polisi pamoja naye, tunasubiri tujue fedha itaishia wapi. Kabla picha haijafika nusu, anaingia kuoga, na pazia linafunguliwa. Kipande chenyewe hakifiki hata dakika moja ya visu, lakini kilichukua siku 7 kupigwa. Damu ni sosi ya chokoleti, maana picha haina rangi, na kisu kinachosikika kikiingia mwilini kinaingia kwenye tikiti. Hitchcock alitaka pasiwe na muziki. Bernard Herrmann, mtunzi wake, akaandika fidla zile zinazopiga kelele, akamsikilizisha, na mzee akakubali. Majirani zangu hawaelewi kwa nini tangu hapo naoga mlango ukiwa wazi.

Lakini sikilizeni sehemu inayohusu kibanda hiki. Hitchcock aliagiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya picha kuanza. Mzee wa mlangoni, unasikia? Sio kuwaachia watu wanaingia dakika ya 80 wakiuliza nani kamuua nani.

Hitchcock pia ndiye aliyemfafanulia Truffaut, mwongozaji Mfaransa, siri ya bomu. Watu wawili wanaongea mezani, bomu linalipuka: mtazamaji ameshtuka kidogo, yamekwisha. Lakini mwoneshe mtazamaji kwamba bomu liko chini ya meza, halafu waache wale wawili waongee upuuzi wao, na kila neno la upuuzi litamtoa jasho. Orson Welles alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo kwa mtindo wake katika Touch of Evil, 1958. Mkono unaweka bomu kwenye buti la gari, gari linaondoka, na kamera inapaa juu ya mapaa na kushuka mtaani, inalifuata, inaliacha, inalikuta tena, zaidi ya dakika 3 bila kukatwa hata mara moja. Na pembeni ya gari hilo anatembea nani? Janet Leigh huyohuyo. Bomu lile likamkosa. Miaka miwili baadaye akaenda kuoga.

Wapo waliosubirishwa na shida, wakafanya shida kuwa mtindo. Steven Spielberg alikwenda kupiga Jaws baharini na papa wa mashine aliyepewa jina la Bruce. Maji ya chumvi yakamla mitambo. Ratiba ya siku 55 ikawa siku 159. Kwa kukosa papa, Spielberg akatuonesha maji, mapipa yanayoburutwa, na nota mbili za John Williams, na papa mwenyewe tukaja kumwona vizuri baada ya zaidi ya saa moja. Ile mashine ingefanya kazi siku ya kwanza, leo tungekuwa na picha ya samaki wa plastiki. Hivyo mnaponung'unikia umeme, kumbukeni kuna wanaolipwa kwa hitilafu.

Yasujiro Ozu nitampitia haraka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na haraka na hatajali. Kamera yake aliiweka chini, kimo cha mtu aliyekaa mkekani, na ni nadra isogee. Nyinyi watoto wa mkekani pale mbele, huyo ndiye mwongozaji wenu. Wengine wote wanawapigia picha waliokaa kwenye viti.

Ousmane Sembène wa Senegal, aliyebeba mizigo bandarini Marseille kabla ya kushika kamera, anakusubirisha kwa deni. Katika Xala, 1975, ombaomba wanasombwa kwenye lori na kutupwa mbali na mji ili tajiri asiwaone. Unawaona wakirudi kwa miguu, vilema, vipofu, polepole, na unasahau. Mwisho wa picha wako sebuleni kwa tajiri, naye amevuliwa nguo mbele ya mke wake na watoto wake, na wanamtemea mate mmoja baada ya mwingine mpaka picha inagandia hapo. Nilipoitazama mara ya kwanza niliangalia chini nihakikishe hakuna mtu ninayemdai wala anayenidai. Wa pili walikuwepo.

Na Bruce Lee? Nilijua mtauliza. The Way of the Dragon, 1972, aliiongoza mwenyewe, kwa hiyo leo tunamwita mwongozaji na si steringi tu. Yeye na Chuck Norris, uwanja wa Colosseum, Roma. Mnakumbuka mateke. Mnakumbuka nywele za kifuani zilizong'olewa na kupulizwa. Mimi nakumbuka paka. Kuna kipaka kidogo pale ndani ya magofu, na kamera inamrudia tena na tena, anacheza, anatazama, hana habari kwamba mtu anakaribia kuvunjwa shingo. Bila paka yule, ni ugomvi wa stendi. Kwa paka yule, ni sinema. Nimeandika kurasa 40 kuhusu paka huyo, na zipo kwa yeyote mwenye mashine ya kutoa kopi.

Nakaribisha maswali. Wewe. Hapana, saa ya mpira kuanza si swali la kitaaluma. Mwingine. Wewe binti wa kitenge cha njano.

Nimeongoza picha ngapi?

Swali zuri sana, na linaonesha kwamba umeielewa nadharia yangu kuliko wanaume wote waliomo humu. Leone aliwasubirisha watu dakika 10. Spielberg, saa moja na ushee. Picha yangu mimi, binti, haijaanza hata kupigwa, na bado kuna watu mtaa huu wanaisubiri tangu hawajaoa, na kila wakiniona wanauliza iko wapi, wakiwemo wale walionikopesha fedha ya kununulia kamera. Mniambie, kuna mwongozaji gani mwingine amefika hapo? Viingilio vya siku ya uzinduzi vinapokelewa kuanzia sasa, pale mlangoni, kwa mzee.