Namna ya Kumkaribisha Amiba Jichoni

Wavaaji wengi wa lenzi za macho wana choyo. Kabla ya kuingia majini wanazivua, wanazitia kwenye vikopo vyake vyenye dawa, halafu wanaogelea huku wakiona ukungu mtupu. Mwongozo huu hauwahusu. Unakuhusu wewe uliyenunua lenzi za rangi ya asali kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, na Jumapili hutaki picha za bwawani zikupite.

Kuhusu maji, usihangaike. Akanthamiba, kiumbe wa seli moja asiyeonekana kwa macho, hana makuu: yumo baharini, ziwani, kwenye tangi la juu ya paa, hata bombani. Atakayekuambia bwawa la hoteli lina klorini mwache ajifariji. Mambo yakimzidi, akanthamiba hujifungia ndani ya gamba gumu la tabaka mbili, akatulia humo mpaka hali iwe shwari.

Lenzi ziwe laini, maana hizo hunywa maji. Kwenye maji yasiyo na chumvi hukaza na kuganda juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Ukitoka tu, ivute kwa nguvu. Itakwangua konea, na mlango utakuwa wazi. Waoga hudondoshea matone ya kulainisha macho, wakasubiri mpaka lenzi icheze yenyewe.

Miwani ya kuogelea iepuke, hasa ile inayotengenezwa kwa namba ya macho yako. Ukiivaa utaona hadi ng'ambo ya bwawa bila lenzi hata moja, na mgeni atakosa pa kufikia. Wapo pia wanaovaa lenzi za siku moja chini ya miwani inayobana, wakitoka wanazitupa hapo hapo. Hao wamembania mlango tu, hawajaufunga.

Lenzi ikidondoka kwenye vigae, isuuze bombani. Bomba likiwa mbali, ilambe. Bakteria wa mdomoni nao wasije wakasema hawakualikwa. Usiku lala nazo.

Jicho likiwa jekundu, likauma kupita kiasi, mwanga ukawa adui, sema ni mchanga. Nenda duka la dawa, omba "matone ya macho mekundu", na neno lenzi usilitamke. Ukibahatika kupewa yenye steroidi, wekundu utapungua na mgeni ataendelea kula kwa nafasi. Hapa ndipo wengi wanapofanikiwa, kwa sababu ugonjwa huu mwanzoni hufanana na mengine, na kila siku ya kuchelewa ni faida kwake.

Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe. Huyu atakupa wewe kazi: matone ya dawa kila saa, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo, kisha tiba ya miezi. Akiacha kovu katikati ya konea, huenda ukahitaji kupandikizwa konea ya marehemu.

Kwa daktari nenda na lenzi pamoja na kikopo chake, maana maabara huweza kumtafuta humo. Ataanza kwa kukuuliza kama uliogelea nazo. Wengi hujibu, "Kidogo tu, daktari, na sikupiga mbizi."