Susu Anatwanga, Simu Inalia

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na mama mkwe, wewe utanielewa. Hapa kwangu Kibwezi Jumamosi si siku ya kupumzika, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku Susu hutwanga muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa.

Susu ni mama mkwe wangu. Watoto ndio walioanza kumwita hivyo, yaani nyanya kwa Kikamba, nasi wakubwa tukafuata. Anaishi peke yake upande wa Ikutha, ng'ambo ya Mto Athi, na amekataa katakata kuhamia kwetu. Anasema mbuzi wake hawatazoea Makueni. Mke wangu, ambaye humu ndani tunamwita Hazina Kuu maana hakuna shilingi inayotoka bila idhini yake, alikosa usingizi tangu jirani mmoja wa Susu alipoanguka jikoni akalala sakafuni usiku kucha, mpaka mtoto aliyetumwa kuomba chumvi akamkuta. Si jambo la mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi.

Hapo akajitokeza kitindamimba wetu, Injinia. Kijana huyu hajawahi kukiacha kitu bila kukifungua. Kabla ya haya alikuwa ametega kihisi mwendo kwenye banda la kuku, king'ora kilie mwizi akipita. Kihisi cha aina ile huona mwili kwa sababu una joto kuliko vitu vilivyo nyuma yake, na jua la Kibwezi unalijua: mchana ukuta unapata joto kama mwili, kihisi hakioni mtu. Usiku ukuta ukapoa, kikamwona kila paka. Hazina Kuu akaukata waya kwa kisu cha sukuma wiki, kesi ikaisha.

Safari hii lakini kijana alikuwa na jambo moyoni. Alikuwa amesoma habari za Mkenya Roy Allela, aliyebuni glavu ziitwazo Sign-IO. Mtu akizungumza kwa ishara, vihisi husoma mkunjo wa vidole vyake na simu hutamka maneno. Allela alikuwa na mpwa asiyesikia. "Baba," Injinia akaniambia, "yeye ana mpwa, mimi nina Susu." Sasa hapo mzazi unapinga nini?

Akanieleza kazi yenyewe tukiwa tunachambua pojo. Ndani ya simu ya kisasa kuna kidude kidogo kuliko punje ya mhindi, na ndani yake kuna uzito ulioshikiliwa na springi nyembamba mno. Simu ikisogea, uzito unayumba na namba zinabadilika. Hicho ndicho kinachogeuza picha ukiilaza simu. Ikitulia mezani inasoma kama 9.8, yaani mvuto wa dunia. Ikianguka, namba inashuka kuelekea sifuri. Ikigonga chini, inaruka ghafla. Halafu, kama mtu ameumia, kimya. Injinia akaandika programu ya kusoma namba hizo mara 50 kila sekunde. Ikiona kushuka, kuruka na kutulia, inatutumia meseji wote: SUSU AMEANGUKA. Hazina Kuu akatoa pesa ya simu, Susu akaifunga kiunoni kwa leso.

Meseji ya kwanza ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Tukampigia Susu, hapokei. Nikadandia boda na Hazina Kuu nyuma yangu, tukashika barabara ya Kitui, yeye analia na kumkemea dereva kwa wakati mmoja. Nami nikiwaza: nitamwinuaje? Sisi Wakamba tuna nthoni. Mkwe haingii jikoni mwa mama mkwe, sembuse kumshika mkono.

Tulimkuta kinuni. Mchi unapanda, mwili mzima unashuka nao, puu! Maganda yakishatoka anaketi kwenye kigoda apumue. Kushuka, kugonga, kutulia. "Mbona mmekuja bila sukari?" akauliza.

Baadaye ikaja siku ya kilumi. Susu ni mmoja wa kina mama wanaoicheza bado ngoma hiyo ya zamani, na mabega yake hayajazeeka. Meseji zikamiminika. Binti yetu Redio, ambaye siri haikai kwake hata dakika, akatangazia ukoo mzima, na kabla ngoma haijanyamaza mashemeji kutoka Wote hadi Mwingi walikuwa wameshaanza mchango wa hospitali. Kurudisha pesa hizo kulileta ugomvi ambao bado unatokota.

Hazina Kuu akataka simu irudi dukani. Mimi nikasimama na mwanangu. Programu hizi hujua kile zilichofundishwa tu. Watafiti wa Colombia walichapisha mwaka 2017 mkusanyiko wa mienendo uitwao SisFall, wenye vijana 23 na wazee 15. Walioanguka kwa ajili ya vipimo walikuwa vijana, pamoja na mzee mmoja tu wa miaka 60. Kazi nzuri, lakini hakuna aliyetwanga muthokoi, hakuna aliyecheza kilumi, hakuna aliyeinama kuchuma ndengu tangu alfajiri. Nani ataifundisha mitambo mwili wa mama wa Ikutha kama si mjukuu wake?

Basi Injinia akahamia kwa Susu likizo nzima na daftari. Akarekodi kutwanga, kupepeta, kuchota maji mchangani, kupanda boda. Susu akashika usukani: "Andika na kukamua mbuzi. Andika na kumfukuza tumbili kwenye maembe."

Aliporudi, alikuwa na kila kitu isipokuwa maanguko yenyewe, na ni nani angemwambia Susu aanguke? Likaletwa godoro letu, langu na Hazina Kuu, likatandikwa sebuleni. Redio anaanguka akipiga mayowe hadi majirani wanakuja. Hazina Kuu, aliyetaka simu irudi dukani, ndiye anayeanguka vizuri kuliko wote na ameanza kutusahihisha. Mimi nalala kwenye kochi. Nimeuliza godoro litarudi lini chumbani, nikajibiwa kwamba bado hawajamaliza kuanguka kwa upande wa kushoto.