Suruali ya Dola Mbili na Nusu

Jamani, mwenzenu naumbuka. Suruali imechanika nyuma. Siyo kidogo, jirani. Nikipanda pikipiki, upepo unaingia bila hodi. Fundi wa hapa Mbugangari kaikataa. Eti kitambaa kimechoka. Akaiinua juu mbele ya wateja, jua likapita. Watu wakaguna kwa huruma. Afadhali wangecheka.

Nunua mpya, kasema. Hela iko wapi?

Zamani ilikuwa raha. Unainama kwenye chaguwa, yaani mitumba, unatoka na suruali ya Mzungu kwa bei ya bia mbili. Halafu 2016 ushuru ukapanda hapa Rwanda. Kilo ya nguo kuukuu ilikuwa senti 20 za dola, ikawa dola 2 na nusu. Mimi nilijua viazi ndivyo vinapimwa kwa kilo! Tukaelezwa ni ili viwanda vyetu vipumue. Kiwanda cha UTEXRWA kiko Kigali tangu 1984, kinalipa uzi, kinalipa umeme, kinalipa mshahara. Mwenye robota la mtumba, nguo zake zilitolewa sadaka huko Ulaya. Watashindana vipi? Nikapiga makofi. Mzalendo mimi, ndani ya jinzi ya Marekani.

Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ilikuwa imekubali kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wauza mitumba wa Marekani wakapeleka mashtaka kwa serikali yao 2017. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Sisi tukakaza. Julai 2018 Trump akatufungia: nguo zetu zikaacha kuingia kwake bila ushuru kupitia mpango wa AGOA. Nikakosa usingizi. Mama watoto akauliza, "Baba, wewe umewahi kupeleka nini Marekani?" Nikageukia ukutani.

Basi nikaenda duka la Made in Rwanda. Suruali safi, mshono umenyooka. Nikaona bei. Nikaomba saizi kubwa zaidi. Binti akaleta. Nikaomba kubwa zaidi ya hiyo, ziishe nitoke na heshima yangu. Akaleta moja ya kulala familia. Akasema inanipendeza.

Iliyobaki ni ile ya Uchina, mpya, bei rahisi. Niliwahi kuwa nayo. Nilichuchumaa siku moja tu kanisani.

Na chaguwa yenyewe haijaenda mbali. Iko Goma, hatua chache tu baada ya kizuizi cha mpaka. Kina mama wanavuka asubuhi wembamba, jioni wanarudi wanene, sketi juu ya sketi. Mimi nilivuka kumsalimia shemeji. Mikono mitupu. Kurudi, nikavutwa pembeni. Fungua shati. Hii nini? Tumbo, afande. Akalibonyeza. Akamwita mwenzake, naye akalibonyeza. Foleni nzima inaangalia, na nyuma mnajua hali ilivyo.

Wakati huo jirani yangu, mama mwembamba, akapita taratibu akiwa na mapaja ambayo asubuhi hakuwa nayo. Hakuna aliyemgusa.

Usiku akabisha hodi. Ana suruali ya saizi yangu. Kataja bei, nikashtuka. Eti ushuru umepanda, shemeji.