Uainishaji wa Awali wa Wakusanyaji wa Majambia ya Kijerumani

Elimu ya majambia ya maofisa wa Kijerumani ina matawi mawili. La kwanza huchunguza majambia, nalo limeshaandikiwa vitabu vinene. La pili huchunguza wanaoyakusanya, na mtaalamu wake, kwa kukosekana mwingine, ni mwandishi wa makala haya.

Kielelezo chenyewe tukipitie haraka. Jeshi la nchi kavu lilipewa jambia lake 1935, viwanda vya Solingen vikapata kazi. Jeshi la anga lilikuwa na la kwake, likalibadilisha 1937. Wanamaji walikuwa nalo tangu enzi za Kaiser. Lilikuwa pambo la gwaride na karamu, makali halina, hata embe lingelishinda.

Spishi iliyozagaa zaidi ni Mnusaji. Mpini wa jambia la nchi kavu mara nyingi umevikwa seluloidi, nyeupe hadi rangi ya chungwa, na seluloidi hutengenezwa kwa kafuri. Basi Mnusaji hupasha sindano moto, akadunga mahali pasipoonekana, akasogeza pua. Harufu inayotukumbusha sisi sanda, yeye humchangamsha kama bwana harusi. Seluloidi hushika moto upesi mno. Huenda ndiyo sababu spishi hii haizeeki.

Binamu yake, Mwanataa, hujifungia gizani na taa ya urujuanimno kukagua kishada cha nyuzi za rangi ya fedha kinachoning'inia kwenye jambia. Kikimeremeta buluu, hukumu imetoka: uzi wa baada ya vita. Kwamba pengine mjane wa ofisa alikifua tu kwa sabuni ya kisasa, hataki kusikia.

Anayestahili sura nzima ni Msomaji wa Palipofutwa. Mwaka 1934 Ernst Röhm, mkuu wa SA, kundi la wanamgambo wa chama cha Nazi, aligawa majambia yenye maneno ya urafiki na jina lake kwenye bapa. (SA halikuwa jeshi, najua, ila sokoni meza ni moja.) Katikati ya mwaka huohuo Hitler akawageuka viongozi wa SA, Röhm akapigwa risasi tarehe 1 Julai, na waliokuwa na majambia hayo wakaamriwa kuyasugua maneno yale. Lenye maandishi kamili huuzwa ghali sana. Lakini hata lililosuguliwa lina mteja: huliinamisha dirishani, lenzi jichoni, akitafuta mkia wa herufi, akiupata hulipa.

Mwisho ni Asiyejali Siasa. Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha swastika hadharani, ila kwa shughuli kama elimu na utafiti, kwa hiyo katika katalogi tai wa kwenye jambia, aliyeishika swastika kwa kucha, hufunikwa kikaratasi miguuni. Huyu atakueleza manyoya ya tai, alama ya kiwanda na uzito wa ala. Umuulize aliyelivaa alikuwa wapi 1941, atakurudisha kwenye manyoya. Yeye, anasema, hupenda ufundi tu. Mletee basi jambia zuri ambalo swastika yake ilisuguliwa kwa tupa baada ya vita. Atashusha bei papo hapo, akisikitika kwamba limeharibiwa.