Vyote Vimo Jikoni

Kila kitabu cha majaribio ya sayansi kwa watoto huanza na ahadi ile ile: usinunue kitu, vyote vimo jikoni. Hakisemi jikoni kwa nani. Siki, mayai, limau, chumvi, manjano, glasi safi: mtoto anaisoma orodha kama mrithi anayesomewa wosia, na mimi mwenye mali bado niko hai, nakatakata vitunguu.

Binti yangu yuko darasa la sita, mdogo wake darasa la tatu. Mkubwa ndiye mtafiti, mdogo ndiye afisa manunuzi. Siki niliyoificha nyuma ya kopo la unga wa ngano kwa ajili ya achari aliipata kabla sijamaliza kukataa.

Wakaanza na yai. Yai bichi hutumbukizwa kwenye glasi ya siki na kuachwa siku moja au mbili. Zaidi ya asilimia 90 ya ganda ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, na asidi ya siki hulila taratibu huku vipovu vya hewa ya ukaa vikipanda juu. Ganda likiisha, yai hubaki uchi, limeshikiliwa na utando tu. Huwa limevimba kidogo kwa maji yaliyopenya ndani, na ukilimulika kwa tochi unakiona kiini kikielea. Ni zuri, sikatai. Ila glasi waliyoichukua ilikuwa ya wageni, na mgeni alikuwapo.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tanga. Alfajiri aliamka na kiu, akaikuta glasi mezani imefunikwa kisahani kwa adabu zote, akajua mkwewe amemwekea maji. Pua ilipong'amua siki, kitu laini kilikwisha kumgusa mdomo. Nilisikia "Auzubillahi!" kisha kishindo kidogo cha majimaji sakafuni. Nilipowasha taa, ute ulikuwa umetapakaa hadi kwenye pindo la kanga yake.

Mtafiti akatokea akifikicha macho. Hakuuliza kama bibi yake ni mzima.

"Bibi, lilidunda?"

Mama mkwe si mtu wa kusema uongo hata akiwa na hasira. Akafikiri, akajibu: "Halikudunda, mjukuu wangu." Likaandikwa kwenye daftari. Yai la namna hiyo hudunda kweli, lakini likiangushwa kutoka kimo cha vidole viwili vitatu, si kutoka kinywani mwa mtu mzima.

Jaribio la manjano halikupangwa na mtu. Baba watoto alirudi kutoka shughulini na doa la mchuzi kwenye kanzu nyeupe, nikamwagiza mdogo ailoweke. Alipopaka sabuni ya mche, doa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yake. Akatoka mbio uani akilia kwamba baba anatoka damu. Mtaani kwetu watu hawasubiri maelezo. Jirani mmoja alikuja na mwiko mkononi, ukingali na ugali. Baba watoto akatolewa nje na kikoi chake, akageuzwa huku na huku kutafutwa jeraha.

Mtafiti ndiye aliyeokoa heshima ya nyumba. Akaeleza kwamba rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana na besi, na sabuni ni besi. Ukitia asidi, unjano unarudi. Akakamulia limau, doa likarudi njano. Majirani wakataka arudie. Sabuni, limau, sabuni, limau, mpaka ndimu na malimau ya samaki yakaisha na umati ukatawanyika umeridhika. Doa liko pale pale.

Ugomvi wetu mkubwa, hata hivyo, ni wa friza. Mimi huuza barafu za ubuyu. Shuleni wamesimuliwa habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, aligundua kwamba maziwa yake ya aiskrimu yaliyoingia kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma shule ya Mkwawa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wasimulizi wengi huruka jambo moja: Mpemba aliharakisha kwa sababu nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombaniwa. Nami ndiyo hoja yangu siku zote.

Binti yangu aliweka juu ya barafu zangu kikombe cha maji ya moto na kingine cha maji baridi, kisha akawa anafungua mlango kila mara kuchungulia ni kipi kimetangulia. Hadi jioni havikuganda vyote viwili, na barafu zangu zilikuwa juisi. Akanituliza kwamba hata wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo. Wateja wangu hawakubishana. Walikwenda kwa jirani.

Basi ninyi mnaoandika vitabu hivi, chini ya "vifaa vinavyohitajika" wekeni nafasi ya saini ya mwenye jiko. Na wazazi wenzangu, wanunulieni watoto chupa yao ya siki, wapeni kopo la plastiki, na glasi za wageni zifungieni kwa ufunguo.