Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hema Kuu, Kiti cha Sofa,
Popote Penye Maikrofoni.

YAH: OMBI LA KUKUKETISHA KIMYA KWA SAA MOJA

Itifaki imezingatiwa. Mimi ni mpiga kura wako wa siku nyingi, na vumbi la chopa yako nimelila pande zote mbili za Mto Athi, Kitui na Makueni. Naandika kuwashtaki jirani zetu wa Uganda kwa kosa la kuiharibu familia yangu.

Likizo ya Desemba tulivuka mpaka pale Busia kwenda kumtembelea shemeji Kampala. Jumapili jioni akatupeleka Ndere Centre, mtaa wa Ntinda. Watoto walikuwa na soda, nyanya yao alikuwa na shaka. Zikaja ngoma za Waacholi, zikafuata za Wanyankole. Mabinti wakaingia na mitungi kichwani, mmoja juu ya mwingine, viuno vikienda kasi, na hakuna hata mmoja uliodondoka. Mfawidhi alieleza kila ngoma ilikotoka, akachekesha, kisha akanyamaza ili ngoma iendelee.

Kosa lenyewe ni hili: hakuna mkubwa aliyetambulishwa. Hakuna mwakilishi wadi aliyesimama kupunga mkono, wala mtu aliyeomba "dakika mbili tu." Mama aligeuka nyuma kila mara akilitafuta sofa lako. "Hawa wameanzaje kabla mheshimiwa hajafika?" akaniuliza. Mbaya zaidi, tulilipa kiingilio kutoka mfukoni mwetu, na hakuna aliyetugawia fulana wala nauli ya kurudi.

Tangu turejee, nyumba haikaliki. Binti yangu, aliyezoea kukuchezea juani, anauliza kwa nini kikundi chao kilifanya mazoezi muhula mzima kikapewa dakika tano, na wewe usiyefanya mazoezi ukapewa alasiri nzima. Nimemweleza kwamba mchezo wenyewe ni wewe: unalia matangani, unamrarua mpinzani, unaahidi daraja lile lile, na ni waigizaji wachache waliodumu na igizo moja miaka yote hiyo. Hakushawishika. Mama naye anasema ngoma ya kilumi ya ujana wake ilikesha. Siku hizi akina mama na ngoma zao huitwa kukusindikiza kutoka garini hadi hemani, na ukishaketi, wanaambiwa inatosha.

Sikulaumu kwamba umeipuuza Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti utamaduni na burudani za umma, na orodha yake inaanza na kamari, zinakuja mbio za mashindano, kisha leseni za pombe. Sinema, maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni zimefuata baadaye. Bila shaka uliifuata kwa utaratibu, ukachoka ulipofika kwenye pombe. Baa hatukosi, kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei.

Usiniambie hatuna vipaji. Tamasha za drama za shule nchini zilianza mwaka 1959, mwaka ule ule Kampala ilipofungua ukumbi wake wa taifa wa michezo ya kuigiza. Watoto wetu hushindana, na washindi wa kitaifa huigiza hadi mbele ya Rais. Wakimaliza shule hurudi nyumbani, na jukwaa wanalolikuta ni lori lako la kampeni. Wala usiniambie hatuna mahali. Sherehe za Mashujaa za 2025 zilipoletwa uwanja wa Ithookwe, Kitui, sote tulishuhudia kwamba serikali ikitaka kuwaketisha watu, viti hupatikana.

Basi naomba Jumamosi moja kila mwezi, Kitui mjini na Wote kwa zamu. Fika saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Lipa kama sisi. Zima simu, waambie walinzi wako wakae, na uwaache watoto wamalize. Kama utashindwa kabisa kukaa bila kuongea, njoo kwenye mazoezi kama wenzako, ukariri maneno yako, na mwongozaji ndiye atakayeamua utasema kwa dakika ngapi.

Ukiona masharti haya ni magumu, tuma udhuru. Safari hii hatutakungoja.

Wako mtiifu,
Mpiga kura aliyejinunulia tiketi