Jamani, Mmea Nao Unapumua!

Aka! Hebu sogea hapa kwenye benchi, maana mambo mengine mtu hayabebi peke yake. Siku hizi humu mtaani kila mwenye kibaraza ni bwana shamba. Mabomba ya plastiki yametobolewa matundu na kupangwa ukutani, kila tundu lina sponji na mche wa saladi, na mwenyewe yuko pembeni anapiga picha za kutuma kwa ukoo mzima. Kilimo bila udongo, ndugu yangu! Pita hapo baada ya wiki tatu uulizie saladi. Mtu anageuza maneno, anakuuliza Simba na Yanga wanacheza lini.

Kilimo chenyewe nakipenda, tena sana. Mtu anaishi ghorofa ya tatu, hana hata shubiri ya ardhi, akichuma mnanaa wa chai dirishani kwake, nani asifurahi? Wala si uchawi. Mmea unataka maji, hewa, mwanga na chumvichumvi zake: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi na nyinginezo. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walikuwa wakiotesha mimea ndani ya maji ya namna hiyo tangu miaka ya 1860.

Kinachonikera ni papara. Lahaula! Kuna mzee wetu mmoja, mtu mwenye wajukuu, kasikia mmea unakula naitrojeni. Akachukua yurea ya kukuzia mahindi, akamimina kopo zima kwenye pipa. Yurea shambani inasaidiwa na bakteria wa udongo, ndio wanaoigeuza iwe chakula ambacho mizizi inakipokea vizuri. Kwenye maji matupu bakteria hao ni haba. Saladi za watu zikaungua kingo, mizizi ikawa kahawia, na mzee anamlaumu aliyemuuzia mbegu!

Wengine wananunua mbolea sahihi kisha wanaiharibu wenyewe. Inauzwa mafungu mawili, A na B, kwa sababu kalisi ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado kali, zinagandana. Weka fungu la kwanza kwenye maji mengi, koroga, ndipo ulete la pili. Wapi! Watu wanachanganya yote kwenye kikombe kimoja, unga mweupe unatuama chini, mche unabaki na njaa. Na hapo hata uchachu wa maji hawajaupima. Saladi inapenda pH ya 5.5 hadi 6.5, mtu anateka maji ya kisima yenye chumvi ya kukunja uso, anategemea muujiza.

Umeme sasa. Uuuwi! Yale mabomba yanayopitisha maji membamba yanaishi kwa pampu. LUKU ikiisha mchana wa Februari, au umeme ukikatika, mizizi inakauka kabla hujarudi kazini. Pipa nalo limewekwa juani karibu na bati, maji yanachemka, na maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi. Mizizi inakosa pumzi, inaoza. Wenye chupa zinazopenyeza mwanga wanafuga ukijani. Wenye mapipa wazi wanafuga mbu, hapahapa Dar es Salaam, ambako dengi ilitulaza vitandani mwaka 2014 na tena 2019. Funika maji, ewe mja!

Wakati njia ya mnyonge ipo. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliieneza: ndoo yenye mfuniko, tundu la mche, maji yenye mbolea, basi. Hakuna pampu. Mmea unakunywa, maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki kwenye uwazi ule ikivuta hewa. Watu wetu wakiona maji yameshuka wanaingiwa na huruma, wanajaza ndoo hadi mdomoni. Mmea unakufa maji kwa kupendwa!

Na wala wazimu huu haukuanzia kwetu. Miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliotesha nyanya ndefu ajabu ndani ya maji, magazeti yakashangilia kana kwamba udongo umekwisha kazi. Mwaka 1938 Hoagland na Arnon, wa chuo hichohicho, wakaandika kwamba mavuno ya majini hayapiti ya udongo mzuri uliotunzwa vizuri. Miaka yote hiyo imepita, na bado mtu anakopa kwenye vikoba anunue mtambo kwa kuahidiwa kwamba saladi itamlipia kodi ya nyumba.

Halafu kwa nini lazima saladi? Joto la Dar linaifanya irefuke, itoe maua, iwe chungu. Mnanaa unatoa mizizi kwenye glasi ya maji. Tembele na mrehani vilevile, kipande cha shina tu kinatosha. Anza na ndoo moja kivulini, yenye mfuniko, na jani unalolipika kila siku. Ukishalila mara kadhaa, ndipo ufikirie mabomba. Na anayekuletea mtambo wa malaki, kabla hujamlipa, mwambie akupeleke kwake ukaone bustani anayokula yeye na watoto wake.